Mkono Uliobaki Hewani

Nimefundisha miaka mingi kiasi kwamba niliowafundisha mwanzo sasa wananiletea watoto wao, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenitia adabu kama mzee mmoja fundi wa pampu za maji hapa Malindi. Namshukuru. Nawashukuru pia baba na mama wa msichana mmoja, na zaidi ya wote namshukuru msichana mwenyewe, niliyemwaibisha bila kujua na akanivumilia. Nayaandika haya kwa sababu mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, na watu wa namna yangu ni wepesi wa kukumbuka waliotuudhi na wazito wa kukumbuka waliotusitiri.

Mambo yalianza pale mwalimu mkuu aliponikabidhi kazi ya kuwatafutia wanafunzi mahali pa kujifunza kazi katika likizo ya Aprili. Shule yetu ni ya kutwa, iko pembeni mwa mji, na nusu ya wanafunzi hutoka vijiji vya ndani, kwenye mashamba. Wazo lilikuwa rahisi: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne akae wiki mbili na mtu wa mji huu huu mwenye kazi ya kueleweka, aone kazi inavyofanywa, na mwenye kazi naye amwone mtoto. Wanafunzi wetu ukiwauliza wanataka kuwa nani, watakwambia rubani au daktari wa moyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzungumza na rubani. Lakini kila siku wanapita mbele ya fundi wa majokofu, mpima macho na mpiga chapa, na haiwapitikii akilini kwamba hizo nazo ni kazi za mtu aliyesoma.

Nikaandika barua. Zilikuwa barua nzuri, kwa Kiingereza cha ofisini, na mhuri wa shule chini yake. Wiki ikapita kimya. Nikaanza kuzunguka duka kwa duka, na kila nilipoingia nikaambiwa mwenyewe ametoka sasa hivi, hata pale nilipoziona ndala zake mlangoni mwa stoo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi ninayefahamiana naye tangu utotoni, alinitumia mipira miwili ya kandanda pamoja na salamu za kuomba radhi kwamba mwaka huu biashara ni ngumu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hapa, barua yenye mhuri wa shule ni mchango. Hakuna anayeifungua kwa sababu kila mtu anajua kilichomo. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikasema nitairudisha ile mipira, lakini mwalimu wa michezo alikuwa ameshaniwahi.

Basi nikaacha bahasha nyumbani, nikaanza kwenda mikono mitupu, kubisha hodi na kuketi. Kahawa niliyokunywa mwezi ule ilinitosha kwa mwaka mzima. Mmoja baada ya mwingine, watu walikubali. Mmoja wao alikuwa huyo mzee wa pampu. Ni Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, amezaliwa Malindi, babake kazaliwa Malindi, na Kiswahili chake kinanishinda mimi mwalimu. Karakana yake iko nyuma ya soko, imejaa mota, mabomba na mipira ya kuzibia maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

“Mwalimu, huyo mtoto utakayemleta, yeye mwenyewe ataka, au wewe ndiwe utakaye?”

“Yeye mwenyewe ataka,” nikamjibu, na nilikuwa nikisema kweli.

Maana nilikuwa na msichana wa kidato cha nne, Mgiriama kutoka kijiji cha ndani, njia ya kwenda Jilore, ambaye nilipowauliza darasani wanataka kujifunza nini, alisema pampu. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alieleza, akiangalia dawati, kwamba pampu ya kijijini kwao ikiharibika watu hungoja fundi kutoka mjini mpaka wanachoka, na fundi akija hufungua, hutia kitu kidogo cha mpira, akaenda zake. “Kile kitu nilikiona,” alisema. “Hata mimi naweza kukitia, nikionyeshwa.” Nilimpenda pale pale.

Huyu msichana likizo ile ilikuwa imebeba maisha yake. Babake alikuwa na dada Mtwapa, mwenye vyumba vya kupangisha na mtoto mchanga, na huyo shangazi alikuwa amemwomba msichana aende kumsaidia. Baba aliniambia waziwazi nilipokutana naye shuleni: akipata mahali pa kujifunza kazi ya mikono, na fundi akamkubali, atabaki na kumaliza shule, kwa sababu hapo kuna kitu cha kushika mbele. Akikosa, aende Mtwapa. “Atasaidia likizo tu, kisha arudi,” alisema. Nilijua maana yake. Katika daftari langu la mahudhurio nimeshayakata majina ya wasichana watatu waliokwenda mahali kusaidia likizo tu.

Kwa hiyo niliwaandaa vilivyo, na huyu nikamwandaa kuliko wote. Nilikuwa nimehudhuria semina Mombasa na kurudi na karatasi ya maelekezo, na karatasi ilisema hivi: mwangalie mwajiri machoni, taja jina lako kwa sauti, mpe mkono ulio imara. Nikaigeuza kuwa somo. Nilijifanya mwajiri, nikaketi nyuma ya meza, wakawa wanaingia mmoja mmoja. Wavulana walinibana vidole mpaka pete ikaniumiza. Msichana wangu aliingia ameinamisha macho, akanipa mkono mlegevu, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha wa kulia, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyompa mkono mkubwa wake.

“Rudi mlangoni,” nikamwambia. “Huyu si babu yako. Huyu ni mwajiri.”

Akarudi. Nikamrudisha tena. Nadhani nilimrudisha mara kumi, mbele ya darasa zima, na mimi nikisema maneno yangu ya utani ambayo nikiyakumbuka leo yananichoma. Mara ya mwisho aliingia ameinua kichwa, akaniangalia machoni, akautoa mkono moja kwa moja, akaushika wangu sawasawa. Darasa likapiga makofi. Jasho lilikuwa linamtoka. Nikajiona mwalimu hodari.

Alhamisi ya kwanza ya likizo niliwapeleka kujitambulisha, ili Jumatatu waanze. Nilikuwa na wanafunzi watano na nguvu za watatu. Msichana nilimfikisha karakanani, nikamwonyesha mzee aliyekuwa ameinama juu ya mota, nikasema, “Nenda, ufanye kama tulivyofanya,” nikakimbia na wengine kwa mpiga chapa aliyetaka tufike kabla ya saa nne. Niliporudi hakuwepo. Kijana wa karakana aliniambia ameondoka. Nikadhani amemaliza, amekwenda nyumbani.

Ijumaa nilimpigia babake simu kumkumbusha habari ya Jumatatu. Akaniambia, kwa upole, kwamba mtoto amesema haendi tena. Kwa nini? Hataki kusema. Amesema tu haendi.

Sasa mnijue. Sikuuliza zaidi. Nilikata simu na kuwaka. Nilizunguka sebuleni nikisema peke yangu: kahawa yote ile, jua lote lile, na mtoto anasema haendi! Kiburi gani hicho? Nikaamua, basi, mwenye kutaka nafasi yuko. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekosa mahali. Jumamosi asubuhi nikamchukua, nikaenda naye kwa mzee.

Mzee alimwangalia yule mvulana, akamwangalia na mimi.

“Wanletea mtoto mwengine wa nini? Yule binti yu wapi?”

“Hataki.”

“Hataki?” Akaweka spana chini. “Mwalimu, kaa.”

Nikaketi. Akamtuma mvulana kununua maji, kisha akanieleza. Binti alikuja mpaka mbele yake, akataja jina lake kwa sauti nzuri, akamwangalia usoni, akatoa mkono. Na yeye, kama alivyofanya maisha yake yote kwa kila mwanamke asiye mkewe, mamake wala binti yake, akaweka mkono kifuani na kumwambia karibu, mwanangu. Kisha akaingia ndani kunawa grisi na kumtafutia kiti. Alipotoka, kiti mkononi, hakukuta mtu. Akadhani binti ameogopa kelele za mota, au hakupendezwa na mahali pachafu. Siku mbili alikuwa akijiuliza amemkosea nini.

Mimi ni mtoto wa mji mkongwe wa Malindi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiweka mkono kifuani hivyo hivyo. Wajomba zangu wote hadi leo. Ni jambo nililozaliwa nalo, lisilohitaji kufundishwa. Lakini kazini nimeshika mikono ya wanaume wa kila aina mpaka nimezoea, na nikaja nikaiamini karatasi ya semina kuliko nyumba niliyolelewa. Nilijua ninampeleka kwa mzee wa aina gani. Haikunijia hata kidogo kumwambia.

Na nilijua pia mtoto yule alielewa nini pale mkono wake ulipobaki hewani. Alielewa kwamba mzee wa mjini ameona karaha kumgusa Mgiriama. Wala hakulizua tu hilo. Sisi watu wa mji tumewahi kuwaita watu wa mashambani majina ambayo sitayaandika hapa, na wao wameyasikia. Mara kumi nilimrudisha mlangoni mpaka akapata ujasiri, na ujasiri wenyewe ndio niliompeleka kuumizwa nao.

“Jumatatu nitakwenda kwao,” nikasema. Nilikuwa na nguo za kufua, nilikuwa na wageni Jumapili, na kusema kweli nilikuwa na haya. Nilitaka siku mbili za kutafuta maneno.

“Kwa nini Jumatatu?”

“Leo ni Jumamosi, mzee wangu. Una kazi.”

Akasimama, akavuta mlango wa karakana. “Mtoto wa watu afikiri namwona najisi, nami nikae hapa nafunga nati mpaka Jumatatu? Twende leo. Twende sasa.”

Mvulana aliporudi na maji tukamwambia aende nyumbani, Jumatatu nitamtafutia mahali pengine. Sisi tukaingia katika pikapu, mimi, mzee na mabomba yake nyuma yakigongana. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Tulipoacha lami, njia ilikuwa matope, na mzee aliendesha taratibu.

Baba wa msichana tulimkuta shambani akipanda mahindi. Alikuja mikono imejaa udongo, akamnyoshea kila mmoja wetu kifundo cha mkono akishike badala ya kiganja, mzee kisha mimi, akatukaribisha barazani. Mkewe akatoa viti. Msichana alichungulia kutoka jikoni, alipoona ni nani akarudi ndani.

Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Ilipotea yote. Nikasema tu kwamba nimekuja kuomba msamaha, na kwamba nataka mtoto awepo asikie. Baba alinitazama kwa mashaka. Si kawaida mwalimu kumwomba msamaha mwanafunzi, na nadhani aliogopa kuna jambo baya zaidi nyuma yake. Akaita. Msichana akaja, akasimama nyuma ya kiti cha mamake.

“Nilikufundisha vibaya,” nikamwambia. “Huyu mzee hampi mwanamke mkono. Si wewe peke yako. Hata mimi hajanipa, na nimekunywa kahawa yake wiki nzima. Nilijua, na sikukwambia. Makosa ni yangu.”

Hakuniangalia. Aliongea na sakafu, lakini kila neno lilisikika. “Mimi nilidhani ni kwa sababu sisi ni Wagiriama.”

Mzee akavuta pumzi kama mtu aliyechomwa na mwiba. “Mwanangu, nisikilize. Nina shemeji, mke wa ndugu yangu. Twaishi nyumba moja miaka thalathini. Chakula chake nala, nikiugua ni yeye anipikiaye uji. Mkono wake sijaushika hata siku moja. Si kwamba una ila. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Lakini ningekwambia. Ningesema neno badala ya kuingia ndani kama bubu. Hapo nimekukosea, nami nataka radhi.”

Baba wa msichana alikuwa akisugua udongo viganjani, akiutazama ukidondoka. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akifikiri, na lilipomfikia, akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mabega yakamtikisika.

“Huyu mama,” akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu, “mamake yuko hai. Mkwe wangu. Nikikutana naye njiani mimi naingia kichakani apite. Mkono? Mkono simpi mpaka kufa kwangu! Na simchukii. Namheshimu mpaka naogopa.” Akamgeukia bintiye. “Wewe si wamjua nyanyako? Ushaniona nikimshika mkono?”

Msichana akatikisa kichwa. Mdomo wake ulikuwa unajizuia. Mamake ndiye aliyeanza kucheka kwa sauti, kisha sisi sote, mzee naye mpaka akavua miwani kufuta macho. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo na machozi yakiwa karibu kiasi kile.

“Basi sasa aulizwe mwenyewe,” mzee akasema. “Wataka kuja, au hutaki?”

Msichana akafikiri. Kisha akatoka nyuma ya kiti. “Nikija nitafungua pampu, au nitafagia na kuchemsha chai?”

“Wee!” mamake akamkemea.

“Muache, auliza vyema,” mzee akasema. “Siku ya kwanza utafagia, maana asiyefagia karakana hazijui nati zaangukia wapi. Siku ya pili utafungua pampu. Ukiweza kuifunga tena, ikavuta maji, utakuja kila Jumamosi mpaka umalize mtihani, na ukishamaliza mtihani nafasi yako ipo. Chai najichemshia mwenyewe.”

“Nitakuja,” akasema.

Nikamwangalia baba. Yeye hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameshika kidevu, na nilijua anafikiri nini kabla hajasema.

“Tatizo, mwalimu, dada yangu nimeshampa neno.”

Hakuna aliyemhimiza. Nilikuwa na maneno mengi tayari, na nikayameza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Kumvunjia dada yako neno si jambo dogo kwa mtu kama yeye. Mwishowe akainuka, akachomoa simu mfukoni, akaenda kusimama ukingoni mwa shamba ametugeuzia mgongo. Tulisikia upande wake tu. “Dada. Shikamoo. Mtoto haji… La, si mgonjwa… Amepata fundi… Najua. Najua nilisema… Basi nikasirikie mimi, yeye asiwe na lawama.” Akasikiliza kwa kitambo kirefu. Aliporudi alikuwa amechoka usoni, akasema tu, “Haya.”

Mkewe hakungoja zaidi. Aliingia ndani, akatoka na mkoba mkubwa wa bluu, umefungwa zipu mpaka mwisho na kukazwa kwa kamba. Akauweka katikati ya baraza na kuanza kuifungua kamba kwa meno.

“Ulikuwa wa safari ya lini?” nikauliza.

“Kesho alfajiri,” akasema, bila kuinua kichwa. “Alisema haendi kwa fundi. Sasa angengoja nini?”

Akavuta zipu, akawa anatoa nguo moja moja na kuziweka mapajani mwa bintiye. Leso mbili. Gauni la kanisani. Sweta. Fulana, kitana, sabuni iliyofungwa kwenye karatasi. Mkoba ukabaki mtupu, akaukung’uta. Sare ya shule haikuwemo, wala kitabu hata kimoja: safari ile haikuwa ya likizo tu.

Nikamwambia mzee ahsante. Alikuwa ameshasimama, anatafuta funguo za gari katika mifuko yote ya koti.

“Ahsante ya nini?” akasema. “Jumatatu saa mbili. Mwambie asichelewe.”